Mto Ganga, kutoka barafu hadi baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilisoma India miaka minne, na tangu nirudi maswali ninayoulizwa kuhusu Ganga ni yaleyale, awe anayeuliza ni shangazi yangu au mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa jiografia. Nimeyapanga hapa kwa kufuata mkondo wenyewe, kuanzia milimani. Mwenye haraka aanze na swali la Haridwar, mji ambapo mto unatoka milimani, kwa sababu mambo mengi yanayoupata mto huku chini yanaanzia pale.

## Mambo ya msingi

Ni Ganga au Ganges?

Wenyewe husema Ganga. "Ganges" ni umbo lililopitia Kigiriki na Kilatini hadi kwenye Kiingereza, na ndilo tulilokaririshwa shuleni. Wahindu huongeza heshima na kusema Ganga Maiya, yaani Mama Ganga. Mto kwao ni mungu wa kike, na kwenye sanamu huonekana amempanda makara, mnyama wa majini wa hadithi anayefanana na mamba. Ukimsikia mzee wa Haridwar akisema "Mama leo amejaa," anazungumzia kina cha maji.

Jina hilo lina uhusiano na "kuganga" na "mganga"?

Hapana, ni sadfa tu. Kuganga ni neno la Kibantu, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za Kibantu. Ganga ni Kisanskriti, na huhusishwa na mzizi wenye maana ya kwenda. Neno ambalo kweli tunashirikiana nao ni *gati*. Ngazi za mawe zinazoshuka mtoni huko India huitwa *ghat*, na gati letu la kufungia vyombo ni neno lilelile lililovuka bahari.

Mto una urefu gani?

Takwimu inayotumika India ni kilomita 2,525. Kwa kulinganisha, Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, una takriban kilomita 1,000. Hata hivyo urefu huo unategemea unahesabu kuanzia wapi na unaishia mkono upi, na yote mawili yana ubishi (tazama "Chanzo halisi ni kipi?" na "Mto unagawanyika wapi?").

Bonde lake lote lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni moja, limeenea India, Nepal, Bangladesh na kipande cha Tibet, na linakaliwa na watu zaidi ya milioni 400.

Kwa nini ni mtakatifu?

Hadithi inasema hivi. Mfalme Sagara alikuwa na wana 60,000. Walimsumbua mwenye hekima Kapila akiwa katika tafakuri, akawatazama mara moja wakawa majivu. Roho zao zingepumzika tu kama maji ya Ganga, ambaye wakati huo alitiririka mbinguni, yangegusa majivu yao. Vizazi vikapita. Mzao wa ukoo wao, Bhagiratha, akaenda Himalaya, akafanya toba miaka na miaka hadi Ganga akakubali kushuka. Lakini uzito wa maji hayo ungeipasua dunia, kwa hiyo mungu Shiva akayapokea kichwani na kuyaachia kidogokidogo kupitia nywele zake zilizosokotana. Bhagiratha akatangulia mbele, mto ukamfuata nyuma hadi baharini, kwenye majivu ya babu zake.

Naomba uishike hadithi hii unaposoma yaliyobaki, kwa kuwa ndiyo inayoamua sehemu ipi ya mto ni takatifu zaidi. Mkondo mkuu wa mlimani unaitwa Bhagirathi, na mahali patakatifu pa mwisho, kule pwani, ndipo Kapila anapoabudiwa. Majivu ya wafu hupelekwa mtoni kwa sababu hiyohiyo.

## Milimani

Chanzo halisi ni kipi?

Kwa imani, ni Gomukh, jina lenye maana ya mdomo wa ng'ombe. Ni pango kwenye ncha ya barafuto ya Gangotri, mto wa barafu wenye urefu wa takriban kilomita 30 unaotambaa polepole bondeni. Gomukh ipo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka kwenye mji mdogo wa Gangotri, wenye hekalu la mungu huyo, unatembea kilomita kama 18 kwa miguu. Maji yanatoka ya kijivu yakisukuma vipande vya barafu, na baridi yake ni ya kuuma mifupa.

Kwa wapima mito, jibu ni jingine. Bhagirathi unaotoka Gomukh unakutana na mto Alaknanda katika mji wa Devprayag, na hapo tu ndipo jina Ganga linapoanza kutumika rasmi. Alaknanda, unaotoka kwenye barafu za juu ya Badrinath, una maji mengi zaidi. Kwa kanuni za jiografia, huo ndio ungekuwa mto mama. Mahujaji hawasumbuliwi na hoja hiyo, kwa kuwa Bhagiratha alipita upande ule mwingine.

Devprayag kuna nini cha kuona?

Kuna ngazi zinazoshuka hadi kwenye ncha ya mwamba, na mito miwili inayokutana mbele ya miguu yako. Siku niliyofika, mmoja ulikuwa wa kijani na mwingine rangi ya chai ya maziwa, na mstari kati yao ulionekana wazi kwa mita kadhaa kabla haujachanganyika. Kuna minyororo iliyofungwa kwenye mawe. Unaoga ukiwa umeishika, maana mkondo hauna huruma.

Devprayag ni ya mwisho kati ya *prayag* tano, yaani makutano matakatifu. Nyingine nne, ambako vijito huingia Alaknanda, ni Vishnuprayag, Nandaprayag, Karnaprayag na Rudraprayag.

Barafu ikiyeyuka yote, mto utakauka?

Hapana, ila utabadilika. Barafuto ya Gangotri inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na kule milimani maji ya barafu na theluji ni muhimu sana, hasa miezi ya joto kabla ya mvua. Lakini kadiri unavyoshuka, sehemu kubwa ya maji inatokana na mvua za Juni hadi Septemba.

Mvua hizo zinaletwa na upepo tunaoujua sisi. Ni kusi. Upepo unaopanda pwani yetu kutoka kusini huvuka ikweta, hupinda kuelekea India na kufika huko umebeba mvuke wa Bahari ya Hindi. Wakati manahodha wa kale walipokuwa wakipandisha matanga kwa upepo ule, wakulima wa bonde la Ganga walikuwa wakiungojea uwajazie mto.

Bwawa la Tehri limeuzuia mto?

Limezuia Bhagirathi, juu ya Devprayag. Lina kimo cha mita 260.5 na ni miongoni mwa mabwawa marefu kuliko yote duniani. Mji wa kale wa Tehri ulizama chini ya ziwa lake, na wakazi wakahamishiwa mji mpya. Maji yanaachiwa kulingana na mahitaji ya umeme na umwagiliaji, kwa hiyo rangi na kina cha Bhagirathi unapofika Devprayag vinategemea pia waendesha mitambo.

Vijito vya juu navyo vimewekewa mitambo mingi ya umeme. G. D. Agrawal, mhandisi wa mazingira aliyekuja kuwa mtawa, alifunga kula akidai Ganga aachwe atiririke. Alifariki tarehe 11 Oktoba 2018, baada ya siku 111.

## Bondeni

Ni kweli kwamba baada ya Haridwar maji mengi si ya mto tena?

Ni kweli, na ningependa swali hili liulizwe zaidi ya lile la uchafu.

Haridwar ndipo mto unapotoka milimani. Kutoka Gomukh hadi hapa, umbali usiofika kilomita 300, umeshuka kutoka karibu mita 4,000 hadi mita 300 na kitu. Zaidi ya kilomita 2,000 zilizobaki ni tambarare tupu. Mahali kama hapo ni pazuri mno kwa kuchepusha maji. Mfereji Mkuu wa Ganga, uliojengwa chini ya mhandisi Proby Cautley, ulifunguliwa mwaka 1854, na mpaka leo unamwagilia ngano na miwa ya jimbo la Uttar Pradesh. Mbele zaidi kuna mabanio mengine, Bijnor na Narora. Wakati wa kiangazi, kinachopita Narora kuelekea Kanpur ni mto mwembamba, na huo mwembamba ndio unaopokea maji taka ya miji na kemikali za viwanda vya ngozi vya Kanpur. Uchafu uleule ukitupwa kwenye mto uliojaa haufanyi madhara sawa.

Hata Har ki Pauri, ghat maarufu kuliko zote Haridwar, ipo kwenye mkondo uliochepushwa. Jioni watu husukumana hapo wakiwa na vibakuli vya majani vilivyoshonwa kwa vijiti, ndani yake maua ya rangi ya machungwa na utambi uliochovywa kwenye samli. Unawasha, unaweka majini, na kabla hujainuka kimeshapita daraja. Maji yanakwenda kasi kwa sababu yanaelekea mashambani.

Wakulima wale wanayahitaji kweli, na wanalisha mamilioni ya watu. Lakini kusema tunausafisha mto huku hatuuachii maji ni kujidanganya.

Je, mto hufika Prayagraj ukiwa hai?

Hufika, na hapo huokolewa. Prayagraj (Allahabad hadi 2018) ndipo Yamuna anapoingia, na maji yake ni mengi kuliko ya Ganga. Yamuna naye huwa karibu kufa baada ya Delhi, kisha hufufuliwa na mto Chambal kutoka kusini. Kwa hiyo mahujaji wanaoingia kwenye makutano wanaoga maji yenye safari tofauti kabisa na ya Gomukh. Kwa imani kuna mto wa tatu pale, Saraswati, usioonekana kwa macho. Ndiyo maana panaitwa Triveni, mahali pa mito mitatu iliyosukana.

Mbele, Ghaghara, Gandak na Kosi kutoka upande wa Nepal huongeza maji mengi zaidi. Karibu na Patna, mtu aliyeuona mto kule Kanpur asingeutambua.

Kumbh Mela hufanyika kila mwaka?

Hapana. Kumbh Mela ni mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wanaokuja kuoga mtoni, na *kumbh* ni mtungi. Inasemekana matone ya kinywaji cha uzima wa milele yalidondoka kutoka kwenye mtungi katika sehemu nne: Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik. Mbili za mwisho haziko kwenye Ganga kabisa. Kila sehemu hupata zamu kubwa takriban kila miaka 12, kwa kufuata nyota, na Prayagraj na Haridwar huwa pia na ya nusu mzunguko. Prayagraj ina mkusanyiko mdogo zaidi, Magh Mela, kila Januari na Februari.

Ya mwaka 2025 Prayagraj ilianza 13 Januari na kuisha 26 Februari. Serikali ya jimbo ilitangaza hesabu ya waogaji zaidi ya milioni 660. Alfajiri ya 29 Januari umati ulikanyagana, na taarifa rasmi ilitaja vifo 30. Ukitaka kwenda, epuka siku kuu za kuoga, ziitwazo za kifalme, na usimwachie mtoto mkono hata sekunde moja.

Varanasi wanachoma maiti hadharani?

Ndiyo, katika ghat mbili, Manikarnika na Harishchandra. Maiti hufungwa sanda, huchovywa mtoni, hulazwa juu ya kuni, na mwana wa marehemu huzunguka kabla ya kuwasha. Moto wa Manikarnika husemekana haujawahi kuzimika, na unatunzwa na jamii ya Wadom. Wahindu wengi huamini kwamba anayefia Varanasi hupata ukombozi, hazaliwi tena.

Usipige picha. Naliandika hili kwa herufi za kawaida lakini nalimaanisha: ni msiba wa mtu. Kaa kimya au pita.

Watu huuliza pia kwa nini mto unaelekea kaskazini pale. Unapinda tu, lakini upindo huo umeujenga mji. Ngazi zote ziko ukingo wa magharibi zikitazama jua linapochomoza, na ng'ambo ni mchanga mtupu.

Kuna mamba na pomboo?

Wote wapo. Pomboo wa Ganga ni wa maji baridi, mwenye pua ndefu, karibu kipofu, na hujua njia kwa mwangwi wa sauti yake. India ilimtangaza mnyama wa taifa wa majini mwaka 2009. Sehemu nzuri ya kumwona ni jimbo la Bihar, katika hifadhi ya Vikramshila. Anaibuka kuvuta pumzi kwa sekunde moja, kwa hiyo sikiliza kabla ya kutazama. Kuna pia ghariyali, mamba mwenye domo jembamba anayekula samaki, ambaye amebaki zaidi kule Chambal.

## Kuelekea baharini

Mto unagawanyika wapi?

Mashariki mwa India, karibu na Farakka. Mkono mkuu unaingia Bangladesh na kuitwa Padma. Mkono mdogo unateremka kusini ndani ya India, kwanza kwa jina la Bhagirathi (ndiyo, jina la kule mlimani limerudi), kisha Hooghly, ukipita Kolkata.

Mwaka 1975 India ilianza kutumia banio la Farakka kuelekeza maji Hooghly, ili bandari ya Kolkata isijae tope. Bangladesh imelalamika tangu hapo kwamba kiangazi hupata maji kidogo na chumvi ya bahari hupanda mashambani. Mkataba wa kugawana maji ulitiwa saini Desemba 1996 kwa miaka 30, hivyo muda wake ni hadi Desemba 2026.

Kama maji mengi yako Padma, kwa nini hija iko Hooghly?

Karne nyingi zilizopita mkondo mkuu ulikuwa huo wa magharibi. Maji yalihamia mashariki polepole, utakatifu ukabaki palepale. Ni jambo lilelile tuliloliona Devprayag. Ndani ya Kolkata kuna hata mfereji mwembamba uitwao Adi Ganga, Ganga wa asili, unaopita karibu na hekalu la Kalighat. Siku hizi ni mtaro wa majitaka, na bado watu hushuka ngazi zake kuomba.

Padma, kwa upande wake, hukutana na Brahmaputra (huko huitwa Jamuna), kisha Meghna, na yote huingia Ghuba ya Bengal.

Mwisho wake hasa ni wapi?

Kwa hija, ni kisiwa cha Sagar, mahali paitwapo Gangasagar, penye hekalu la Kapila. Katikati ya Januari, siku ya Makar Sankranti, mamia ya maelfu huoga pale mto unapoingia baharini. Hekalu la sasa si la kwanza. Bahari imekula fukwe na kumeza yaliyotangulia.

Mashariki ya kisiwa inaanza Sundarbans, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko duniani, wenye kilomita za mraba zipatazo 10,000 kati ya India na Bangladesh. Mtu wa delta ya Rufiji angejihisi nyumbani: tope, mizizi iliyosimama wima, kaa, wakata kuni na walina asali. Kinachotofautisha ni chui milia, anayeogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa.

## Usafi, sheria na mengineyo

Ni kweli maji ya Ganga hayaozi?

Kuna kiini cha ukweli. Mwaka 1896 Ernest Hankin alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba vijidudu vya kipindupindu vilikufa haraka katika maji ya Ganga na Yamuna. Baadaye sayansi iligundua virusi vinavyoshambulia bakteria, na ndivyo vinavyodhaniwa kuhusika. Lakini havitoshi kwa wingi wa kinyesi kinachomwagwa leo. Februari 2025 bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi ilieleza kwamba maji ya Prayagraj wakati wa Kumbh hayakufikia kiwango cha kuogea katika vipimo kadhaa, ingawa serikali ya jimbo ilipinga. Usiyanywe. Ukitaka kuoga, Rishikesh, mji ulio juu kidogo ya Haridwar, na sehemu za juu yake ni salama zaidi.

Mipango ya usafi ipo tangu 1986, na wa sasa, Namami Gange, ulianza 2014. Mitambo mingi ya kusafisha majitaka imejengwa. Kuhusu kinachokosekana, rudi kwenye swali la Haridwar.

Nilisikia mahakama iliutambua mto kuwa mtu. Bado?

Mahakama Kuu ya Uttarakhand, jimbo lenye Gomukh na Haridwar, iliamua hivyo Machi 2017. Julai mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya India ilisitisha uamuzi huo.

Wahindi wa Afrika Mashariki hupeleka majivu huko?

Kwanza tutenganishe Mhindi na Mhindu. Wahindi wengi wa kwetu ni Waislamu, wakiwemo Waismailia na Mabohora, na jambo hili haliwahusu. Kwa Wahindu, wapo wanaosafiri na majivu ya wazazi hadi Haridwar, na wapo wanaoyamwaga baharini papa hapa kwa sababu maji yote hukutana.

Wanaofika Haridwar hutafuta kuhani wa ukoo wao. Huyu hutunza madaftari marefu yenye majina ya kila aliyewahi kuletwa, vizazi kwa vizazi, kwa kijiji na kwa tabaka. Nilikaa kando siku moja nikimtazama kijana akionyeshwa mwandiko wa babu yake. Aliweka kidole juu ya wino bila kuugusa, kisha akaandika jina la baba yake chini yake.

Asiye Mhindu anaruhusiwa?

Mtoni, ndiyo. Baadhi ya mahekalu na sehemu za ibada zina masharti, kwa hiyo uliza mlangoni, vua viatu, na usiende na nyama wala pombe Haridwar na Rishikesh.

Nikitaka kuufuata wote, niende lini?

Hekalu la Gangotri hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa wakati wa Diwali, ambapo sanamu ya mungu hushushwa kijiji cha Mukhba kwa majira ya baridi. Gangasagar ni Januari. Kwa hiyo anza juu mwishoni mwa Septemba au Oktoba, mvua zikiisha, kisha shuka taratibu kwa treni: Haridwar, Prayagraj, Varanasi, Patna, Kolkata. Kwa Gomukh utahitaji kibali cha hifadhi, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo.

Kutoka Kolkata unakwenda Kakdwip, unavuka kwa feri hadi Kachuberia, kisha kilomita kama 30 kwa gari mpaka ufukweni. Angalia bamvua kabla ya kutoka. Mkondo ule umejaa tope la kutoka Himalaya, na maji yakiwa yamekupwa feri haivuki. Utakaa gatini na mahujaji wengine mpaka yajae.